Kitambaa Kisichopigwa Pasi

Nyumbani,
9 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Kifurushi kimefika, na kabla sijakata kamba Karani alishakilalia. Unamjua huyo paka: karatasi yoyote ikitua mezani lazima aikalie kama mtu mwenye mhuri. Mama Mkwe, yule paka mzee, yeye alibaki juu ya kabati akitutazama kwa dharau yake ile ile, kana kwamba nyumba ni ya mwanawe na mimi nimeolewa humu jana tu. Nilimtoa Karani mara mbili. Mara ya tatu nikamwachia karatasi, nikachukua kitambaa cha mama.

Mawaridi yako nimeyatazama nyuma kwanza, kama mama alivyotufundisha: mbele ni kwa wageni, nyuma ni kwa mwenye nyumba. Nyuma pako ni safi, ila kona ya chini umeruka na uzi mrefu kutoka jani moja hadi jingine, mvivu wewe. Nimekusamehe, nisije nikaambiwa nimezeeka vibaya. Lakini pasi yako haina mfano. Kila kitambaa kikipita mikononi mwako kinarudi laini, hakina kunjo, hata tundu la sindano huwezi kuliona. Hao wageni wa hotelini kwenu wanalala pazuri kuliko sisi.

Sasa zamu ni yangu. Kiti nilikimaliza zamu yangu iliyopita, bado paka wa kukaa juu yake. Karatasi ya mchoro ya mama imechakaa, pale penye kichwa cha paka imekunjwa mpaka vijimraba vya kuhesabia mishono havisomeki, basi nahesabu kwa kumtazama Mama Mkwe. Si yule wa kwenye mchoro ni mama yake? Sura ni hiyo hiyo, na kiburi ni hicho hicho.

Jana mwalimu mwenzangu wa zamani alipita kunijulia hali. Akatazama kitambaa akauliza mbona ukuta wa nyumba unang'aa tofauti na mawaridi. Nikamweleza: ukuta aliushona mama kabla hajatuachia, naye alikuwa wa mkono wa kushoto, misalaba yake yote uzi wa juu umelalia kushoto. Sisi wawili yetu inalalia kulia. Mwanga ukipiga, kila mkono unajitaja. Akasema basi ni kasoro. Nikamwambia si kasoro, ni sahihi ya mtu.

Ule msumari juu ya kochi bado uko wazi. Mama aliupigilia mwenyewe kabla hajalazwa, akasema kitambaa kikimalizika kikae hapo. Na maneno yake unayakumbuka: tukimalize wawili, mmoja asikimalize peke yake, na mkono wa nje usikiguse. Ukigusa, ufumuliwe. Nataka nikione ukutani nikiwa bado naona vizuri.

Msalimie shemeji yangu.

Dada yako

---

3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Nimecheka peke yangu ndani ya basi mpaka mtu wa pembeni akasogea. Huo uzi niliouruka niliujua, nikasema nione kama macho yake bado yako. Yako!

Huku kazi ni ile ile. Wamenipa chumba chote cha pasi nikisimamie, wanawake sita na mimi wa saba, mvuke kutwa nzima. Nikirudi nyumbani miguu imevimba, lakini kitambaa kikiwa kwangu, nikikaa na pete ya kudarizia mapajani nasahau. Mume wangu huwa ananiuliza, unatoka kunyoosha vitambaa vya watu unakuja kushika kitambaa kingine, huchoki? Namwambia hiki hakilaliwi na mtu.

Dada, naomba nikuambie jambo na usinune. Sipendi unavyokaa peke yako. Tuna chumba cha nyuma, kidogo lakini kina dirisha. Najua utaniuliza kuhusu paka. Mwenye nyumba wetu hataki mnyama yeyote, hata kasuku wa jirani alimfukuza. Karani na Mama Mkwe tungewatafutia watu wazuri.

Usikunje uso, nakuona kutoka huku. Sikuburuti. Lakini nilimwahidi mama pale kitandani kwamba sitakuacha peke yako, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni ukisikia. Nimenyamaza kwa sababu u mzima. Siku nikisikia umeugua, hata yakiwa mafua yaliyokataa kupona, nakuja na begi kukuchukua, na sitauliza ruhusa ya mtu wala ya paka.

Umdarizi vizuri huyo mkubwa wetu wa kwenye kiti.

Kitinda

---

Nyumbani,
22 Juni

Mdogo wangu,

Najua nimekaa kimya sana, na najua mwandiko huu unaushangaa. Si wangu. Ni wa fundi viatu wa mlango wa pili, yule bwana mjane aliyehamia mwaka juzi. Ninasema, yeye anaandika. Herufi zake zimesimama kama misumari lakini zinasomeka, usimcheke.

Sababu ni Karani. Nilikuwa nacheza naye na uzi, akaniuma kidole cha mkono wa kulia, kikavimba, kikatunga usaha. Daktari kasema nisishike kalamu. Hakuna la kutisha. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini cha kwangu kimoja kimevunja ratiba yangu yote.

Kitambaa kiko salama, nimekifunika na shuka jeupe. Kichwa cha paka bado. Nitakapopata nafuu nitaendelea polepole, na wewe usiniharakishe.

Usipige simu dukani. Mwenye duka anachoka kuja kuniita, na mimi sipendi kupiga kelele kwenye simu ya watu mbele ya wanaonunua sukari.

Dada yako
(kwa mkono wa Fundi)

---

11 Julai

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Paka akuume mpaka usaha, halafu bado analala kitandani kwako? Mtoe. Mpe mtu mwenye ghala, akawinde panya huko kama paka wenzake. Mama alikuwa anawapenda lakini hakuwahi kuwaweka mbele ya mtu. Mama Mkwe abaki, maana ni mzee na hana meno ya kutisha, ila huyo Karani sitaki kumsikia tena.

Na kidole gani hicho? Cha shahada? Umepigwa sindano? Mbona huelezi kitu? Nimepiga simu dukani mara kadhaa japo umenikataza. Siku moja naambiwa umelala, siku nyingine unaoga, siku nyingine umetoka. Mwenye duka alikuwa anasitasita kama mtu anayesomewa la kusema.

Niambie ukweli, nije?

Kitinda

---

Nyumbani,
19 Julai

Kitinda,

Usije. Una kazi, una mume, na nauli si majani ya mti. Ningekuwa mahututi ningekuwa nabishana na Fundi kuhusu koma na nukta? Anataka kuweka nukta kila anapovuta pumzi.

Karani simtoi. Nakuomba usiniandikie tena jambo hilo. Anayo makosa yake, anaiba samaki, anakalia karatasi za watu, lakini kunifukuzia huyu paka ni kunifukuza mimi. Kama kuna wa kulaumiwa kwa kidole changu basi nilaumu mimi niliyemchezea vibaya. Sasa hivi amelala juu ya mkono wangu wenyewe huo mbovu, anaupasha moto, na anakoroma. Huyo ndiye mnyama wako mkali.

Sindano nimeanza kuishika tena. Nakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Kuna siku namaliza misalaba michache tu nalala nayo nikiwa na furaha kama mtu aliyejenga nyumba.

Nivumilie, mdogo wangu. Kikiwa tayari utakiona.

Dada yako
(kwa mkono wa Fundi)

---

Nyumbani,
2 Septemba

Mdogo wangu,

Nakutumia kitambaa. Kichwa cha paka kimekamilika: masikio, macho yote mawili, pua, na ile alama nyeupe chini ya kidevu. Mwili utafuata zamu yangu ijayo. Wewe umalizie mawaridi ya upande wa juu.

Kitazame vizuri, Kitinda. Kitazame mchana, karibu na dirisha. Sitasema zaidi. Sijawahi kushona kitu kwa tabu kama hiki, na sijawahi kukipenda kitu nilichoshona kama hiki. Niandikie unakionaje.

Dada yako
(kwa mkono wa Fundi)

---

14 Septemba

Dada,

Nimekitazama. Mchana, dirishani, kama ulivyoniambia.

Nilifurahi kwanza, nisiseme uongo. Nilipokunjua nikamwona Mama Mkwe hasa, nikamwita mume wangu aje aone. Halafu mwanga ukapiga. Misalaba ya kichwa imelalia kushoto. Yote. Nikadhani macho yangu, nikageuza kitambaa juu chini, nikakilinganisha na kiti ulichoshona mwenyewe. Kiti kinalalia kulia, kichwa kushoto. Nikageuza nyuma. Nyuma pako, dada, ambapo siku zote pangeweza kuwa mbele, safari hii ni vifundo na nyuzi zilizopishana kama za mtu anayejifunza.

Mkono wa mama uko kaburini. Wako naujua tangu sijaota meno. Basi huu ni wa nani?

Usinijibu, nimeshajua. Mtu yumo humo ndani kila siku. Anaandika barua zako, anajua mambo yetu, anajibu simu kwa kumfundisha mwenye duka la kusema, na sasa anashika kitambaa cha mama. Kidole gani kinauma kuanzia kabla ya Juni hadi leo? Ungeniambia umechoka kushona ningekuelewa. Ungeniambia umepata mwenza uzeeni ningekupigia vigelegele, wallahi. Lakini kumpa mtu baki kitambaa cha mama akajifunzie, halafu uniambie nikitazame vizuri!

Mama alisema mkono wa nje ukigusa ufumuliwe. Nimefumua. Nilikaa sebuleni na mkasi mdogo nikatoa uzi mmoja mmoja mpaka kichwa chote kikaisha. Nakurudishia kitambaa hivyo kilivyo. Sikukipiga pasi safari hii, sina moyo huo.

Mdogo wako

---

1 Novemba

Dada,

Hujanijibu. Nimengoja wiki baada ya wiki. Kama umenuna, nuna kwa maandishi. Najua nimesema kwa ukali, na lile la mwenza ningeliacha. Lakini nilikuwa na haki ya kuuliza.

Hata matusi nitayapokea. Mwambie Fundi ayaandike na nukta zake.

Kitinda

---

Mlango wa pili kwa dada yako,
8 Novemba

Dada Mdogo,

Ni mimi fundi viatu. Mwalimu, dada yako, hajui kwamba naandika. Barua yako ya mwisho nilimsomea, nilipofika penye nukta alitabasamu kidogo, halafu akageukia ukutani. Nimeona nikinyamaza nitakuwa mshiriki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kungoja huko.

Kwanza, sikugusa kitambaa chenu. Mimi nashona ngozi kwa sindano ya kiatu, nikigusa nyuzi hizo laini zitakatika kabla sijazivuta. Na mimi natumia mkono wa kulia kama watu wengi.

Dada yako alipata kiharusi mwezi wa Machi, siku chache tu baada ya barua yako ya begi kufika. Mkono wa kulia umekufa. Mguu wa kulia unaburuta. Mdomo ulikuwa umepinda, sasa umerudi karibu wote, ila akichoka maneno yanateleza, ndiyo maana hataki simu.

Ilikuwa asubuhi nafungua kazi. Karani akaja kizingitini kwangu akalia. Si kulia kwa njaa, nakujua kulia kwa njaa. Nilichukua kiatu kibovu nimrushie, nikamrushia, hakukimbia. Akaenda hatua chache akageuka kunitazama, akarudi, akalia tena. Nikamfuata nikiwa nimeshakasirika, nikitaka kumwambia Mwalimu afunge mlango wake. Nikamkuta sakafuni kati ya meza na kiti, ile pete yenye kitambaa bado iko mkononi. Angekuwa hana paka, tungemkuta lini? Huyo ndiye unayemwambia amtupe kwenye ghala la watu. Sikulaumu, uliambiwa uongo. Mwalimu mwenyewe kila tukiandika jambo la kidole alikuwa anamwambia Karani, "Nisamehe, mwanangu, sina wa kumsingizia mwingine."

Nilimwambia si mara moja: Mwalimu, mwambie mdogo wako. Akasema, "Nikimwambia atakuja na begi. Nitakaa kwenye chumba cha nyuma nikitazama dirisha la watu, na hawa wawili watakula majalalani." Nikamwambia damu ni nzito kuliko maji. Akasema ndiyo maana, damu nzito hukubeba hata kama hutaki.

Sasa nikueleze hicho kichwa. Alipotoka hospitali aliniomba nifunge pete yake ya kudarizia kwenye jiliwa langu, lile la kubania soli, ili isimame mezani bila kushikwa. Nikalihamishia kwake. Akaanza na kipande cha gunia na uzi mnene, kwa mkono wa kushoto. Alikuwa anajichoma. Alikuwa anaitupa sindano, na sisi wawili, mimi na Mama Mkwe, tunaitafuta chini ya kochi. Mimi natafuta, yeye anasimamia. Mwezi mzima gunia. Halafu siku moja akasema leo nahamia kwenye kitambaa.

Tangu hapo kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda nilikuwa napita kumtungia uzi kwenye sindano, nazichoma kwenye mto wake mdogo, za kijivu huku, za nyeusi huku, zimtoshe mpaka jioni. Karani akishalala juu ya mkono mfu, ndipo anaanza. Alikuwa anasema, "Mkono wenyewe hausikii, lakini huyu anausikia kwa niaba yangu."

Siku alipomaliza jicho la pili aliniita kwa kugonga ukuta kwa fimbo. Nikakuta analia na anacheka. Akaniambia, "Fundi, tazama inavyolala. Hii ni misalaba ya mama. Kitinda akiiona atajua." Nikauliza atajua nini. Akasema, "Atajua bila mimi kumwambia." Nafikiri ndivyo alivyotaka, Dada Mdogo. Alishindwa kukuambia kwa mdomo akaona akuambie kwa uzi.

Kifurushi chako kiliporudi alikishika akasema, "Hakijapigwa pasi." Akajua kabla ya kufungua. Alikunjua, akapapasa pale palipokuwa na kichwa, akakaa. Aliniambia tu nizitoe sindano zote kwenye mto, maana hazihitaji tena. Tangu siku hiyo sijatunga uzi. Jiliwa liko mezani kwake tupu. Nimelihitaji mara kadhaa kwa kazi yangu, lakini sina moyo wa kwenda kulifungua.

Hakuna anachokula cha maana. Karani analala juu ya mkono wake kama kawaida, ila mkono wa kushoto nao sasa umetulia tu.

Ndiyo hayo. Ukija kunigombeza njoo, mlango wa pili, kuna viatu vimetundikwa nje.

Fundi

---

17 Novemba

Dada yangu,

Fundi ameniandikia. Usimgombeze, nakuomba. Amefanya kwa ajili yako, na amefanya kwa ajili yangu, mimi ambaye sikustahili.

Barua yake niliipokelea kazini. Nilisoma nikiwa nimesimama penye mashine ya kupigia mashuka pasi, na nililia humo humo, mvuke ukanisitiri, wale wenzangu sita wakadhani ni joto. Nimejisikia vibaya kuliko siku ya msiba wa mama, maana ule hakuusababisha mtu.

Nilifumua kwa ari, dada. Nataka ujue hivyo, usije ukanihurumia. Nilikuwa navuta uzi mmoja mmoja na kila uzi nilikuwa najisifu kwamba namlinda mama. Nyuzi zenyewe nilizitupa kwenye pipa la jikoni pamoja na maganda. Mume wangu aliniambia acha, uliza kwanza. Nikamwambia wewe hujui kudarizi. Hasira hasara, na hasara yenyewe sikulipa mimi, umeilipa wewe.

Juzi nilichukua foronya kuukuu nikajaribu kwa mkono wa kushoto. Nilitaka msalaba mmoja tu. Nimejichoma kila kidole na sikuupata. Nikaikumbuka alama nyeupe ya kidevuni, jinsi ilivyokuwa imepinda kidogo tu upande mmoja, nikaiweka sindano chini. Sijui nikuombe radhi kwa maneno gani. Sinayo. Nisamehe.

Na jambo la begi. Nimelifikiria sana. Mama alisema nisikuache peke yako. Hakusema nikutoe kwako. Hilo la kukutoa nililiongeza mimi mwenyewe, kwa sababu chumba cha nyuma kiko karibu na mimi na nyumbani ni mbali. Nimeomba likizo yangu yote ya mwaka huu na ile ya mwaka jana. Nakuja mwezi wa kumi na mbili nikae. Baada ya hapo tutaona, mume wangu anasema hata huko kuna mashuka yanayohitaji pasi. Sitaleta tena habari ya chumba, sitaleta mtu wa kuchukua paka.

Lakini sitaingia kama hutaki. Niandikie neno moja, hata kwa Fundi. Ukisema nisije nitakaa huku na aibu yangu.

Na mwambie Karani, kama paka wanaambiwa, kwamba nimekosa adabu.

Kitinda

---

nyumbani
29 Novemba

Kitinda

Naandika mwenyewe. Mkono wa kushoto. Herufi zinaanguka lakini ni zangu. Fundi kakaa pembeni na nukta zake hana kazi.

Nilikasirika. Sana. Nilisema moyoni sitashona tena na sitakuandikia tena. Kisha nikajiuliza nani alianza uongo. Ni mimi.

Karani hakuniuma. Nimemwomba radhi. Amenipa mgongo.

Barua yako imefika Jumanne. Nikakitoa kitambaa kwenye sanduku. Nikakipeleka dirishani. Nikaona kitu.

Matundu yapo. Kila mahali sindano yangu ilipopita pana tundu. Kichwa chote kiko pale, masikio na kidevu, hakina uzi tu. Ungekipiga pasi yangezibika na nisingejua pa kuanzia. Karatasi ya mama haisomeki. Hasira yako imeniachia njia.

Nimemwambia Fundi atunge sindano. Sihesabu sasa. Nafuata matundu yangu. Ninakwenda haraka kuliko mara ya kwanza.

Sikio moja limerudi. Jicho la kushoto limerudi.

Njoo. Leta uzi wa kijivu, mwingi. Begi lako lijae nguo zako. La kunipakia mimi usilete.

Jicho la kulia silishoni. Nimelipita. Hilo ni lako, na misalaba yake uilaze upande wako, kulia. Mama Mkwe amekaa juu ya kabati anatazama mlango.

Dada yako
kwa mkono wangu